Hisa Nayo Ikae Eda

Tangu nilipostaafu, tarehe 31 Mei 2024, vijana wa dawati la masoko ya nje wamenipigia simu mara kadhaa wakiniuliza jambo lilelile: kwa nini ofisini mwetu, hisa ya kampuni bora ikianguka kwa kishindo, mtu haruhusiwi kuiuza mpaka muda fulani upite, na kwa nini muda huo unaitwa eda. Mmoja wao alidhani ni istilahi iliyomo katika vitabu vya uwekezaji. Haimo. Ilitoka sebuleni mwangu, Majengo, kinywani mwa mama mkwe wangu, ambaye hakumiliki hisa hata moja maishani mwake. Naandika haya ili asili ya kanuni ijulikane, na ili ijulikane pia kwamba kuna mtu aliyeigharimia.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyangu viliandikwa milangoni, na milango ile imekwisha kupakwa rangi upya.

Nilizaliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 1964, nikaacha shule baada ya darasa la saba kwa sababu ambazo wasichana wa rika langu hawakuhitaji kuelezwa. Niliolewa na Hamisi, mtunza stoo wa gereji moja ya Industrial Area. Mwaka 1991 ndiye aliyeleta nyumbani habari za masomo ya jioni ya watu wazima. Nilimkumbusha kwamba nina watoto wawili, Salma na mdogo wake. Akajibu, "Watoto wana baba. Wewe una kalamu?" Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mnamo Novemba 1995, nikiwa mtahiniwa aliyemzidi umri msimamizi wa chumba, kisha nikasomea uhasibu karatasi moja baada ya nyingine hadi mwaka 2000. Nasema haya bila haya. Elimu iliyochelewa ina faida yake: mwenye nayo hukumbuka vizuri alikuwa nani kabla ya kuipata.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumatatu, tarehe 5 Februari 2001. Ofisi ilikuwa orofa ya tatu, upande wa chini wa mji, juu ya duka la mabomba na koki, mahali ambapo mtu wa Majengo hufika kwa miguu bila kutoka jasho. Kazi yetu ilikuwa kutunza mifuko ya uzeeni ya wafanyakazi wa viwanda. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilibaki humu nchini. Sheria iliruhusu sehemu ndogo tu iwekwe katika masoko ya hisa ya ng'ambo, na sehemu hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa ya dawati letu.

Mkuu wa dawati alikuwa Bi. Perpetua Akinyi. Kabla ya kuingia katika mambo ya hisa alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha nguo, na tabia ya kazi ile haikumtoka. Alipokusalimia kwa mkono ungemwona anapima kwa kidole gumba pindo la mkono wa shati lako. Asubuhi ile alinipa ripoti ya mwaka ya kampuni moja ya ng'ambo na penseli iliyochongwa pande zote mbili.

"Anza nyuma," aliniambia. "Mbele wanatabasamu."

Nyuma ndiko kuliko na hesabu. Baada ya chakula cha mchana aliniita akaniuliza nimeona nini. Nikaanza kumweleza bei ya hisa. Akainua mkono.

"Bei sijaiulizia. Niambie, kampuni hii ikifa leo, nani atalia?"

"Wenye hisa," nikasema.

"Hao watalia hata ikiishi. Nataka kujua mteja gani atalia."

Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza, na kwa kiasi kikubwa la mwisho, kwa sababu mengine yote nimeyatundika juu yake. Kampuni bora ni ile ambayo mteja wake hana namna ya kuikosa. Haihitaji madeni makubwa ili iendelee kuishi. Ikipandisha bei, wateja hulalamika, lakini hawahami. Faida yake haimalizwi kwa sherehe; hurudishwa kazini ikazaa faida nyingine, mwaka hadi mwaka, kama mama mwenye nyumba anayekodisha chumba kimoja, kwa kodi akaongeza cha pili, na kwa kodi za viwili akaongeza cha tatu. Ukiipata kampuni ya namna hiyo kwa bei ya haki, kazi iliyobaki ni ngumu kuliko ya kuitafuta: kuiacha. Nimeona watu wenye shahada nzuri wakishindwa na kazi hii ya kuacha. Mimi mwenyewe ilinisaidia kwamba nimelea watoto na nimepika pilau, na vyote viwili huharibika mtu akifunua kila dakika.

Bi. Perpetua hakuamini ripoti peke yake. Kampuni iwe ya Ulaya, iwe ya Japani, alisisitiza tumtafute mtu wa Nairobi anayetumia kitu chake na tumsikie akizungumza. Ndivyo nilivyofika Kariokor mnamo Agosti 2006, nikifuatilia kampuni ndogo ya Ulaya iliyotengeneza sindano za cherehani za viwandani. Ilikuwa kampuni ya kwanza niliyoitafuta, nikaichambua na kuileta mezani mimi mwenyewe.

Pale sokoni, muuza viatu vya akala, vile vya matairi, alinipokea kwa furaha. "Sasa, mathe! Unataka ya kuvaa ama ya kuuza?"

"Nataka kujua habari za sindano."

"Sindano enda hosi, mathe, kwa daktari!" Wenzake wakacheka, nami nikacheka, maana nilistahili.

Alinielekeza kwa Fundi Njoroge, mshonaji wa mikoba ya ngozi, mtu mzima aliyekuwa akizungumza huku midomo yake imebana uzi. Nilimwonyesha sindano za bei nafuu na kumuuliza kwa nini hazitumii. Akautoa uzi mdomoni.

"Mama, hii ngozi nimeinunua, nimeikata, nimeipaka gundi. Sindano dhaifu inavunjikia kwenye kona na kuacha tundu. Kitambaa utakifumua, ukishone upya. Ngozi ikishatobolewa imetobolewa."

"Na wenye sindano hizi nzuri wakipandisha bei?"

"Nitawatukana."

"Halafu?"

"Halafu nitanunua. Nitafanya nini?"

Nilipomrudishia Bi. Perpetua maneno hayo, aliegemea kiti akafumba macho kama mtu aliyesikia kasida nzuri. "Atawatukana, halafu atanunua," alirudia. "Rukia, hiyo ndiyo ripoti ya mwaka." Kabla ya mwezi kwisha, hisa za sindano ziliingia katika mfuko wa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha viatu cha Industrial Area.

Kiwanda kile ndicho kilichonikutanisha na Bwana Wekesa. Alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kukandamiza soli, mtu wa Bungoma aliyeishi Makongeni, na wenzake walikuwa wamemchagua kuwa mwenyekiti wa wadhamini wa mfuko wao. Katika kila mkutano aliuliza maswali mawili, kwa mpangilio uleule: "Pesa zetu ziko wapi? Na zinafanya kazi gani?" Tulipomwambia kwamba baadhi zinatengeneza sindano zilezile zinazotumika katika laini yao ya kushona, alipiga meza kwa kiganja. "Kwa hivyo sindano ikivunjika, nunueni nyingine haraka. Mnanilipia uzee." Tangu siku hiyo wenzake hawakupumzika na mzaha huo.

Kwa miaka karibu tisa hisa ile ilikua kimyakimya, hata msukosuko wa mwaka 2008, ambao kila mtu anaujua, ukapita juu yake. Mwaka ule hatukuuza, hasa kwa sababu Bi. Perpetua alifunga mlango wa ofisi na kutupeleka sote kula chakula cha mchana. Kwa sababu ya kukua huko, kufikia mwaka 2015 sindano zilikuwa zimechukua nafasi kubwa katika sehemu ya ng'ambo ya mfuko ule.

Alhamisi, tarehe 14 Mei 2015, mume wangu Hamisi alifariki. Sitaandika mengi juu ya siku hiyo. Alikuwa amenisubiri nje ya darasa la jioni kwa miaka minne bila kukosa, na kwa mtu aliyewahi kusubiriwa hivyo, maelezo marefu hayaongezi kitu.

Nikaingia eda. Kwa wasomaji wasioijua: mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani mwake miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na hakuna anayeruhusiwa kumposa. Wanavyuoni wamezitaja hekima nyingi za kungoja huko, na mojawapo ni kujua kama marehemu ameacha mtoto tumboni. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, na tumbo langu lilikuwa limestaafu kabla yangu, lakini eda haiulizi umri. Ofisi ilinipa ruhusa. Mama mkwe wangu, Bi. Mwanahamisi, alihamia kwangu ili, kama alivyosema, mlango uwe na mwenyewe.

Mwanzoni mwa Juni kampuni ya sindano ilitangaza kwamba maagizo yamepungua. Mtengenezaji mpya wa mashariki ya mbali alikuwa ameingia sokoni na sindano za bei ya chini sana. Ndani ya siku chache hisa ilipoteza karibu nusu ya thamani yake.

Inafaa nieleze wazi kilichokuwa hatarini. Kiwanda cha viatu kilikuwa kimewapangia wafanyakazi wake wazee kuondoka mwishoni mwa Desemba, na Bwana Wekesa alikuwa mmoja wao. Katika mfuko wa aina ile, anayeondoka hulipwa kwa thamani ya mali ilivyo siku anayoondoka. Tukingoja na bei ishuke zaidi, wazee wangekwenda nyumbani na pungufu ya hicho kilichobaki. Tukiuza, hasara ingefungwa kwa wote, pamoja na vijana waliokuwa na miaka ishirini na zaidi ya kazi mbele yao. Mfuko ni mmoja. Haukuwa na mlango wa wazee na mlango wa vijana.

Wadhamini wengi walitaka kuuza. Lakini ofisi ilikuwa na desturi kwamba aliyeileta hisa ndiye anayetia sahihi ya kuitoa. Aliyeileta nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa ndani.

Jumamosi, tarehe 13 Juni, Bi. Perpetua alikuja kunipa pole pamoja na Bwana Wekesa. Kwa kuwa kulikuwa na mwanamume asiye maharimu yangu, yaani anayeweza kunioa, Bi. Mwanahamisi alishusha pazia la mlango wa ndani. Nilikaa upande wangu, wao upande wao, na yeye katikati kama bodi ya wakurugenzi.

"Shikamoo, mama," nikamsikia Bwana Wekesa.

"Marahaba, baba. Kaa. Hapo hapana, kiti hicho kina mguu mbovu."

Kiti kikavutwa. "Mama Salma, pole sana. Mzee Hamisi alikuwa mtu wa watu."

"Nimeshapoa, Bwana Wekesa. Asante kwa kuja."

Wakaletewa chai ya tangawizi na mahamri. Bi. Perpetua hakujua kuzunguka. "Rukia, nisamehe kukuletea kazi matangani. Zile sindano zimeanguka."

"Zimemwangukia nani?" akauliza Bi. Mwanahamisi.

"Hakuna aliyeangukiwa, mama. Ni bei ya hisa."

"Hisa ndiyo kitu gani?"

Bwana Wekesa akajitwika maelezo. "Mama, chukulia mimi na wewe na watu wengine tuna mbuzi mmoja. Wewe una mguu, mimi nina mguu. Mguu wangu huo ndio hisa."

"Na mbuzi kafa?"

"Hajafa."

"Mgonjwa?"

"Watu wanasema ataugua."

"Wanasema." Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba ameweka kikombe chini. "Basi nisikilizeni. Huyu aliye nyuma ya pazia kafiwa kweli. Maiti tumeiosha, tumeizika. Na bado hakuna wa kuja hapa leo kumposa. Tunangoja miezi minne na siku kumi, tujue tumbo lina nini. Nyinyi hata maiti hamna, mshaleta posa?"

Bwana Wekesa alicheka mpaka nikasikia chai ikimwagika kwenye kisahani. Bi. Perpetua hakucheka. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mkaguzi aliyeona uzi mgeni katika kitambaa.

"Mama, katika kungoja huko, huyo mjane anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Anatazamwa. Wadhani nimehamia hapa kula?"

Neno hilo, anatazamwa, lilipita kwenye pazia likanipata. Sote tulikuwa tumefikiri mambo ni mawili: kuuza, au kukaa tukiomba Mungu. Huyu mama alikuwa ametaja la tatu.

"Leo sitatia sahihi," nikasema. "Wala sisemi tukae bure. Bwana Wekesa, zinunue hizo sindano mpya, uzitie katika laini yenu. Zishone kila mnachoshona. Bi. Perpetua, nenda Kariokor, halafu uisome ripoti ya nusu mwaka itakapotoka. Eda yangu ikiisha tukutane mezani, na kama tumboni hamna kitu, sahihi ya kuuza nitaitia kabla sijavua buibui."

Upande wa pili kikombe kikarudishwa kisahanini.

"Mama Salma," alisema Bwana Wekesa. Kicheko kilikuwa kimemtoka sautini. "Unajua Desemba natoka."

"Najua."

"Basi unajua unachoniomba."

"Najua, Bwana Wekesa. Na ukikataa sitakulaumu. Wadhamini mkipiga kura na kutuagiza tuuze, sahihi yangu haitawazuia."

"Wacha nifikirie barabarani," akasema, akaaga, akamshukuru Bi. Mwanahamisi kwa mahamri.

Jumatatu yake aliwaambia wadhamini wenzake wangoje. Bi. Perpetua alikuwapo, ndiye aliyenisimulia. Mmoja wao alisimama akamnyooshea kidole: "Huyu mzee amelishwa mahamri!"

"Nimelishwa," akajibu Bwana Wekesa, "na yalikuwa na iliki. Sasa nani anakwenda kununua hizo sindano za bei rahisi?"

Alikwenda yeye mwenyewe, kwa wauzaji wa jumla wa Eastleigh, akarudi na paketi za kutosha. Kila Jumamosi Bi. Perpetua alinijia na habari. Katika viatu vya turubai sindano mpya zilifanya kazi sawasawa na zile za zamani, kijana wa laini ya kushona alimwambia mwenyekiti wake, "Mzee, hii imeweza!" na mzee akaileta taarifa hiyo mezani kama ilivyo, ingawa ilimtia baridi. Katika ngozi mambo yalikuwa mengine. Zilivunjika penye mshono wa kisigino, na kila zilipovunjika ziliharibu kiatu kizima. Kariokor, Fundi Njoroge alikuwa amezijaribu bila kuombwa. Alizitukana, na safari hii hakununua.

Mwezi wa Agosti masoko ya dunia nzima yalitikisika, na hisa yetu, iliyokuwa chini tayari, ikashuka tena. Bwana Wekesa alinipigia simu. "Leo nimeitwa majina ambayo mama yangu hakunipa," alisema. Nilimuuliza kama anataka kuuza. Akauliza, "Eda yako inaisha lini?" Nikamwambia. "Sawa," akasema. "Mimi sijawahi kuona mjane akitolewa nje kabla eda haijaisha."

Nimefanya kazi na watu waliosoma vyuo vikuu vya mabara matatu. Ujasiri wa namna ile sijauona tena. Kushikilia hisa inayoanguka si ajabu kwa mtu mwenye muda, muda humrudishia. Yeye muda hakuwa nao, na alilijua hilo kuliko sisi sote.

Jumanne, tarehe 22 Septemba 2015, siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja, nilitembea kwenda ofisini. Bwana Wekesa alikuwa amefika kabla yangu. Alipanga mezani kipande cha turubai na kipande cha ngozi, vyote vimeshonwa kwa sindano mpya. Turubai ilikuwa safi. Ngozi ilikuwa na matundu matatu yasiyo na uzi. Bi. Perpetua akaweka kando yake ripoti ya nusu mwaka. Nikaanza nyuma. Mauzo ya sindano za nguo na turubai yalikuwa yamepungua, na kwa maoni yangu yasingerudi. Sindano za ngozi, za viatu, mikoba na viti vya magari, zilikuwa zimepandishwa bei katika kipindi kilekile, na wateja walikuwa wamebaki. Faida nyingi ilikuwa ikitoka huko tangu zamani. Deni halikuwapo. Kampuni ilikuwa imepoteza mkono wa kushoto, na bado ilikuwa ikiandika kwa wa kulia.

"Mama Salma," aliniuliza Bwana Wekesa, "mtu aliye na miaka ishirini mbele yake, ungemwambia nini?"

"Abaki."

"Na wa Desemba?"

Hapa ndipo mchambuzi hupimwa, wala si kwenye hesabu. "Wa Desemba, angekuwa peke yake, ningemwambia auze leo. Sidhani bei itarudi kabla hajaondoka, na inaweza kushuka zaidi."

"Lakini mfuko ni mmoja."

"Ni mmoja."

Aliokota kile kipande cha ngozi, akakipitisha kidole penye matundu. "Sisi wa Desemba ni wachache. Nimezungumza nao mmoja mmoja, nyumbani kwao, na wake zao wakiwapo. Wengi wamekubali. Wawili hawanisalimii." Akakirudisha mezani. "Waliniweka hapa wote, wazee na vijana. Mimi ni mdhamini, si mrithi. Tubaki."

Tukabaki. Tarehe 31 Desemba 2015 Bwana Wekesa alikabidhi ufunguo wa mashine yake na kulipwa kwa bei ya siku ile, ambayo ilikuwa mbaya. Katika mwaka 2017 hisa ya sindano ilivuka bei iliyokuwa nayo kabla ya kuanguka, na haijarudi chini ya hapo hadi nilipoondoka kazini. Vijana wa laini ile, ambao sasa wameanza kuota mvi zao wenyewe, wataupata uzee ulio bora kwa sababu yake, na sidhani wengi wao wanajua.

Januari 2016 Bi. Perpetua aliifanya kuwa kanuni ya ofisi na kuipa jina lililotoka kwa Bi. Mwanahamisi, eda. Tafadhalini isomeni vizuri. Haisemi kwamba hisa iliyoanguka itafufuka. Mara tatu nimeiona eda ikiisha na tumboni hamna kitu, tukauza bila machozi. Wala haisemi mkae mkingoja. Mwaka mmoja kijana fulani aliitisha eda ya hisa kisha akaenda likizo Malindi, na ilibidi nimweleze kwamba mjane ndiye anayekaa, mtazamaji hatoki. Inasema mtazame: mtafute sindano, ngozi na mtu anayeshona, mpaka mjue. Na kabla hamjaiitisha, muulize ni nani katika mfuko ule anayeondoka Desemba, mwende mkamwambie ana kwa ana. Mimi nilimwambia wangu kupitia pazia, na hata hivyo haikuwa rahisi.

Mnamo Aprili 2018, mimi na Bi. Perpetua tulisafiri hadi Bungoma kumtembelea. Tulikuta nyumba nzuri ya matofali, vyumba viwili na sebule, na Bwana Wekesa amenenepa kidogo. Nilimweleza jinsi hisa ilivyorudi na kupita. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama kijana wa laini ya kushona bado yupo, nikamjibu yupo. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akatupeleka nyuma kutuonyesha shamba.

Ubavuni mwa nyumba palikuwa na msingi wa chumba cha tatu. Mawe yalikuwa yamepangwa vizuri, na nafasi ya mlango ilikuwa imeachwa, lakini ukuta haukuwapo. Ndani ya msingi mlikuwa mmepandwa sukuma wiki, mistari imenyooka kama mshono.

Bi. Perpetua, ambaye hajawahi kuacha swali lipite, aliuliza chumba kile kitamalizika lini.

"Hicho?" Bwana Wekesa akacheka. "Hicho hakitamalizika. Ukuta wake niliuacha kwenye mfuko. Hicho ni chumba cha vijana wa kiwandani."

Kutoka jikoni mke wake alipaza sauti. "Waambie pia vijana hao wanakula sukuma yangu!"

"Wageni ndio watakaokula leo," akajibu. Akaingia ndani ya msingi kwa kupitia pale palipoachiwa mlango, ingawa angeweza kuruka popote, akainama, akaanza kutuchumia.